Gari Halitembei, Lakini Oili Inazeeka

Gari la kutoka Milimani hapa Kisumu hadi kanisani Jumapili na kurudi huenda lisifikishe kilomita 1,000 kwa mwaka. Mwenyewe akitazama kikaratasi cha fundi, "badilisha baada ya 5,000", anajiambia bado miaka mitano. Hapo injini inaumia. Gari la namna hiyo lifuate kalenda: oili na filta kila miezi 12, hata likiwa limetembea kilomita 800. Kama safari zote ni za dakika kumi, fanya miezi 6.

Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Kiasi fulani hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Oili ikipata moto wa kutosha, maji hayo hukauka. Isipopata, yanabaki, yanachanganyika na mabaki ya moshi na kuzaa asidi, na dawa zilizomo kwenye oili za kuizuia asidi zinaisha polepole. Ile taa ya buluu kwenye dashibodi ya Vitz, inayoonyesha injini ni baridi, ikizima isikudanganye: maji ya rejeta ndiyo yamepata joto, oili bado.

Fungua kifuniko cha kumiminia oili. Utando wa rangi ya chai ya maziwa upande wa ndani ni maji. Ukiwa hapo tu, gari linataka safari ndefu na oili mpya. Lakini ukiuona hadi kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na maji ya rejeta yanapungua, usiwashe kabisa. Mwite fundi aangalie gasketi ya silinda hedi. Dipstiki ikinuka petroli na oili imepanda kupita alama ya juu, imwage hata kama ni ya mwezi jana.

Kuliwasha uani dakika kumi kila asubuhi ndiko kunakozidisha maji, na wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Afadhali kila wiki mbili uende Ahero na kurudi. Aliye Nakuru aende Njoro.

Ukijua gari litalala miezi mitatu, badilisha oili kabla ya kuliegesha, ili vyuma visilale kwenye asidi.

Kwa injini ya 1NZ ya Probox au Fielder, oili ni lita 3.7 pamoja na filta. Iendeshe kidogo kwanza, oili ivuguvugu itoke na uchafu. Nati ya sampu, ya kumwagia oili, ni spana 14, na wosha yake iwe mpya. Paka oili kwenye mpira wa filta, ikaze kwa mkono: ikigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko. Mimina lita 3.5, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima, kisha ongeza kidogo kidogo.

Oili chafu irudishe kwenye mtungi uipeleke gereji. Ya mtaroni Nakuru huishia ziwani, na ziwa lile halina mto wa kutokea. Kwenye kikaratasi, mwambie fundi aandike na tarehe.