Upinde wa zamani unaopiga kelele: anza na mshale

SWALI: Nimerithi upinde wa kuwindia wa Marekani, wa mbao na faibaglasi, ncha zake zimejipinda kwenda mbele. Umeandikwa inchi 60, ratili 45 kwa mvuto wa inchi 28. Naupigia shabaha ya magunia shambani, ila kila nikiachia ugwe unalia "twaa!" na mkono unatetemeka hadi kiwikoni. Mishale yangu ni ya kaboni, gramu 18 kila mmoja. Niufunge nini huo ugwe unyamaze? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Ndugu yangu, usifunge kitu bado. Kelele hiyo ni nguvu ambayo mshale haukuibeba. Ikikosa mbebaji inarudi kwenye mbao, kwenye ugwe na kwenye kiwiko chako.

Kwanza hakikisha upinde ni mzima. Vua ugwe, kisha pitisha kibonge cha pamba taratibu juu ya mikono yote miwili ya upinde. Pamba ikinasa, hapo pana ufa au faibaglasi imeanza kuchanika, na upinde huo usiuvute tena. Joto la gari lililoegeshwa juani hulegeza gundi kati ya tabaka, na unyevu wetu wa pwani hausaidii. Sikiliza pia: mlio wa kukwaruza wakati wa kuvuta ni hatari. Mlio wa wakati wa kuachia ndio tunaoutibu hapa.

Sasa mshale. Upinde wa aina yako hutulia ukipewa gramu 0.5 hadi 0.65 kwa kila ratili ya mvuto. Kwa ratili 45, hiyo ni kati ya gramu 23 na 29. Wako wa gramu 18 ni mwepesi mno. Kadiri mshale unavyokuwa mwepesi ndivyo unavyokaribia kuachia ugwe bila mshale, jambo linaloweza kuvunja upinde. Njia rahisi ni kubadilisha chembe, yaani ncha ya mbele ya mshale: ukitoa ya gramu 6.5 ukaweka ya gramu 13, mshale unafika 24.5. Kumbuka kwamba chembe nzito huufanya wano (kijiti cha mshale) ukunjike zaidi unapotoka, kwa hiyo ukiona mishale imeanza kwenda mrama, tafuta wano mgumu zaidi. Mizani ya sonara inatosha kabisa kupimia. Ya jikoni huweza kukudanganya.

Kisha pima umbali kutoka sehemu ya ndani kabisa ya kishikio hadi kwenye ugwe. Upinde wa inchi 60 kwa kawaida hutaka inchi 7.5 hadi 8, yaani sentimita 19 hadi 20. Ugwe wa zamani hurefuka, umbali huo unapungua, na ugwe unachapa mikono ya upinde kwa nguvu zaidi. Toa kitanzi kimoja, uzungushe ugwe mara 4 au 5 kuelekea upande uliokwisha sokotwa, rudisha, pima, piga mishale mitatu, sikiliza. Endelea hivyo kidogo kidogo mpaka mlio uwe mzito na mfupi. Ukipita mzunguko mmoja kwa kila inchi ya ugwe na bado haujafika, ugwe huo ni mrefu mno. Nunua mwingine wa dakroni (nyuzi za poliesta). Zile nyuzi za kisasa zisizonyumbuka ziache, kwani ncha za pinde za zamani nyingi hazikuimarishwa kuzihimili na hupasuka.

Kagua na panda ya nyuma ya mshale. Ukiuning'iniza mshale kwenye ugwe, unapaswa kushika, lakini ukiugonga ugwe kwa kidole uanguke. Ukibana sana unalia, ukilegea unaweza kuchomoka kabla hujaachia. Kilalio cha mshale kikiwa kimelika hadi ubao, bandika kipande kipya cha ngozi laini.

Baada ya hayo ndipo ufunge. Sufu (manyoya ya kondoo) huvutia wengi, lakini kwa hewa ya Mombasa hunywa maji na kuwa nzito. Tyubu kuukuu ya baiskeli ni bora: kata vipande vyembamba vya sentimita 5, upana milimita 2, vinne kwa kila fungu. Gawa nyuzi za ugwe sehemu mbili, pitisha fungu katikati yake, funga kwa uzi uliopakwa nta. Fungu moja likae robo ya urefu wa ugwe kutoka juu, jingine theluthi kutoka chini. Kwa ugwe wa sentimita 142 ni kama 35 na 47. Usiyaweke kwa umbali sawa, maana mtetemo mmoja utapata nafasi ya kupita katikati bila kuguswa.

Pale ugwe unapolalia ncha zilizojipinda, bandika ukanda mwembamba wa kitambaa chenye manyoya. Ukimaliza yote, pima tena ule umbali wa kishikio, kwani kuufungua ugwe na kuupachika upya huweza kuubadilisha.