Tembo hulitia, si humtia

Msomaji wa Dodoma anatafsiri hadithi ya Kipemba kwa Kiingereza, na amekwama kwenye methali isemayo "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Anauliza: mgema amwiteje kwa watu wasio na minazi, au atafute methali yao inayolingana?

Nitamjibu, ila kwanza niliondoe donge langu. Wapo Waswahili wenzetu, tena wenye shahada, wanaosema "humtia maji". Anayetiwa maji ni nani hapo? Ndovu? Niliwahi kuona kitabu cha mazoezi kilichochora methali hii kwa mnyama mwenye mkonga amesimama kando ya ndoo, na mwalimu akatia alama ya vyema. Kiambishi -li- kinapiga kelele: tembo hili ni kinywaji, mnyama angekuwa tembo huyu. Wengine, eti kwa kuwahurumia vijana, wameondoa tembo wakaweka pombe. Pombe hupikwa, jamani, na tembo hugemwa. Mgema wa pombe ni sawa na mvuvi wa maandazi.

Neno mgema latokana na kitenzi gema, yaani kukinga utomvu, na ndicho kitumikacho hata kwa mpira. Mgema hupanda mnazi na kotama yake, yaani kisu kilichopinda, akakata ncha ya karara (ala ya maua ya mnazi) ambalo halijafunuka, akatundika kibuyu. Akishusha, tembo ni tamu. Likikaa huwa kali, na likizidi kukaa huwa siki. Sifa yake yote imo katika kibuyu hicho, ndiyo maana akishasifiwa na wateja kumjaa, hushawishika kukiongezea ujazo.

Sasa Kiingereza. Usemi wao ulio karibu humsema mtu aliyelalia majani ya ushindi wake (rest on one's laurels), yaani aliyebweteka kwa sifa za jana, nao wameyaazima kwa Wagiriki, waliomvika mshindi wa michezo ya Delphi taji la majani. Tazama basi: hata usemi wao unadai maelezo ya mti, tena mti usio wao! Zaidi ya hapo, huyo amezembea tu, ilhali mgema anapunja. Kwa hiyo usibadilishane nao. Hadithi ni ya Pemba. Mwache mgema juu ya mnazi wake, andika kwamba ni mtu anayekinga mvinyo wa mnazi, na msomaji wa London atamfahamu, kwa kuwa mfanyabiashara anayechakachua bidhaa baada ya kupata jina anamjua. Ingekuwa hotuba ya mkutano, ambapo mkalimani hana nafasi hata ya kupumua, ningekuruhusu, kwa shingo upande, utoe maana peke yake.