Behewa lishanyanyuliwa, mbona njia bado imefungwa? Jibu la mzee wa leva

Kuna kijana wa hapa Malindi kauliza swali zuri, watu wakamcheka bure. Mjomba wake alikuwa anashuka na treni toka Nairobi, behewa la mizigo likaacha reli mbele yao, saa nne asubuhi winchi lishalinyanyua na bado wakakaa hapo mpaka magharibi. Anauliza, hao watu wa signali saa zote hizo walikuwa wanafanya nini, wanakunywa chai?

Mwanangu, chai tulikuwa tunakunywa, siwezi kukuficha. Lakini ngoja nikueleze.

Mie ni mtu wa Lamu, nimestaafu niko Malindi, ila miaka yangu mingi imeishia kuvuta leva, ile mipini mirefu ya kuendeshea signali, kwenye stesheni ndogondogo za reli ya zamani, ile nyembamba ya mita moja, huko bara kati ya Mombasa na Nairobi. Ile ni njia moja, za kupanda na za kushuka zote zapita hapohapo, zinapishana stesheni tu. Aliyefika Lamu anajua, punda wawili wamebeba mawe wakikutana katikati ya kichochoro hakuna wa kumpisha mwenziwe, sasa punda utamsukuma arudi nyuma, treni je? Kwa hiyo kabla sijaiachia treni sharti nimpigie mwenzangu wa stesheni ya mbele, aseme njia iko wazi, tuandike saa na dakika kwenye rejista, ndo dereva apewe ruhusa yake mkononi aondoke.

Behewa likianguka, mtu wa signali hakimbilii behewa. Wengine wote wanakimbia kwenda kutazama, wewe unabaki kwenye simu. Unarudisha signali zote nyekundu, unapigia pande zote mbili, unamwambia mwenzio usiachie kitu, na yeye anarudia maneno yako ulivyoyasema, usikubali aseme "sawa sawa" tu akate. Unaandika dakika. Gadi wa treni naye huko nje anakimbia na bendera nyekundu na fataki za kuweka juu ya reli, ili kama kuna treni imeshapita signali zako basi gurudumu likanyage, lilipuke, dereva ashtuke afunge breki. Na kama behewa limeng'oa nguzo na simu imekufa, hapo hakuna kubahatisha, hakuna treni itakayotoka mpaka mtu afike kwa mguu au kwa toroli.

Halafu unavalisha leva kikumbusho. Ni pete ya chuma tu, unaipachika kwenye leva ya signali ili hata ukisahau na mkono ukaenda wenyewe, leva ikatae. Unaweza kuiona ya kitoto. Wazee waliotufundisha hawakuchoka kutupigia hadithi ya Quintinshill, kule Scotland, tarehe 22 Mei 1915. Treni ndogo ya abiria imesimamishwa pale mbele ya kibanda cha signali, na yule jamaa anayeingia zamu alikuja kazini na treni hiyohiyo, kashuka, kapanda kibandani, kashika kazi, akaisahau! Pete haikuvalishwa. Akaruhusu treni ya wanajeshi, ikaivaa ile iliyosimama, na dakika hata mbili hivi hazikupita nyingine ya mwendo kasi ikaja toka upande wa pili ikaingia kwenye mabaki, kisha moto. Walikufa zaidi ya watu 200. Sasa wewe ukisikia behewa limeanguka unafikiria hilo behewa, mie nafikiria ile treni inayokuja nyuma yake.

Na usidanganywe na taa za kwenye meza ya signali. Kwenye laini ambazo umeme mdogo unapitishwa ndani ya reli zenyewe, treni inajulikana iko wapi kwa sababu magurudumu yanaunganisha reli ya kushoto na ya kulia. Sasa gari likiruka likalala kwenye kokoto, magurudumu hayagusi reli, na meza inaweza kukuonyesha njia nyeupe kabisa wakati pale pamejaa vyuma. Ndo maana Uingereza treni hubeba waya mmoja wenye vishikio viwili, unabana kila kimoja kwenye reli yake, signali inarudi nyekundu yenyewe. Laini zinazohesabu ekseli nazo zina kisirani chao, zimehesabu magurudumu yalioingia, yakianguka katikati hayatoki, basi kipande kile kitaonyesha kina treni hata kesho kutwa. Kukifuta sharti mtu aende akaone kwa macho yake kwamba hakuna hata behewa moja lililobaki, na treni ya kwanza ipite taratibu.

Baada ya hapo ni kungoja. Usiguse leva yoyote, ilivyokaa ndivyo wachunguzi waikute. Gari la brekidauni linakuja na winchi na majeki, gengi la watengeneza njia wanabadilisha mataruma yaliyopasuka, wanapima upana wa reli, jua linawaka. Hapo ndo chai, kweli.

Kazi inarudi kwetu winchi likimaliza. Nakupa moja niliyoiona mwenyewe, stesheni na mwaka naviacha. Behewa lilianguka palepale kwenye pointi ya kuingilia, pale reli zinapogawanyika, treni ishike njia kuu au iingie ya pembeni kupisha mwenziwe. Saa nne likanyanyuliwa, reli ikanyooshwa, gengi wakasema tayari. Fundi wa signali, mzee mmoja wa Kigiriama asiyependa maneno, akaniambia vuta leva. Nikavuta, ikaja laini, ikajifunga klak! Kila mtu akacheka, na kontrola, yule mpanga safari za treni, kwenye simu ananiambia fungua bwana abiria wanangoja, tangu asubuhi ananiambia hivyo.

Yule mzee akachutama, akatoa kwenye mfuko wa koti kibamba cha chuma cha milimita 5, akakitia katikati ya ulimi wa pointi, kile kipande cha reli kinachosogea, na reli yake. Vuta tena. Kwa kawaida leva ikatae, manake ulimi haujabana, kuna mwanya. Nikavuta. Ikaja, ikajifunga klak vilevile. Wallahi nilihisi baridi. Maana yake kufuli linasema pointi imefunga na haijafunga, na gurudumu likipata mwanya ule linapanda, tunaanza upya na safari hii na watu ndani. Tulipofukua kokoto tukaona fito ya chini imepindwa na gurudumu, kidogo tu, kwa macho huwezi kuiona mpaka uweke ubao ulionyooka kando yake.

Fito ya kubadilisha haikuwepo. Basi ulimi ukabanwa na klampu upande wa njia kuu, ukatiwa kabari na kufuli, ufunguo mfukoni kwangu. Lakini hiyo maana yake stesheni yangu haipishanishi tena treni, kila kupishana kukasogezwa stesheni za jirani, na ndo hapo mjomba wako anaona njia imefunguliwa na bado anakaa.

Na kama waya zimekatika ndo balaa zaidi, manake waya haziungwi tu taa ikawaka mkaenda nyumbani, kila moja inajaribiwa mwanzo mpaka mwisho. Clapham, London, tarehe 12 Desemba 1988, waya mmoja wa zamani uliachwa unaning'inia baada ya kazi mpya, ukagusa pasipostahili, signali ikatoa ruhusa wakati mbele kuna treni imesimama. Watu 35 wakafa, na fundi alidhani kamaliza.

Siku ile tuliachia ya mizigo kwanza, si ya abiria. Dereva nilimpa karatasi ya tahadhari, kilomita 10 kwa saa mpaka gari la mwisho livuke, nikamsomea na akanisomea. Nikasimama kando ya pointi na taa ya kijani mkono mmoja, tochi mwingine, nimeukodolea ulimi macho gurudumu baada ya gurudumu, haukutikisika. Gadi akapunga taa. Nikaandika kwenye rejista saa 12 na dakika 40 jioni, nikaenda kutafuta chai yangu, nikakuta nzi wawili ndani.