Doki ya kadi ya grafiki: angalia tundu kabla ya kununua

Ndugu wa Nyegezi, umeuliza kama kompyuta yako ndogo yenye USB-C itamudu gemu nzito ukiiongezea doki ya kadi ya grafiki, yaani kifaa cha nje kinachobeba kadi kubwa ya picha. Inategemea tundu hilo. Lisipokuwa la Thunderbolt au USB4 (aina za USB-C zinazoweza kupitisha PCIe, njia ya data ambayo kadi hutumia), doki ya aina hiyo haitaiona kadi, hata kama waya unaingia vizuri.

Mimi ningechagua OCuLink, waya unaoiunganisha kadi na PCIe ya kompyuta moja kwa moja bila USB-C; ni nafuu na ina kasi. Fungua kifuniko utafute sloti ya M.2 (tundu la ndani ambalo kwa kawaida huwekwa diski ya SSD) iliyo wazi, yenye njia 4 za PCIe, ufunge adapta hapo. Ikiwa PCIe 4.0, inapitisha takriban gigabiti 64 kwa sekunde. Thunderbolt 4 ni 40. Sloti ya M.2 ya SATA pekee, yaani ya diski tu isiyo na PCIe, haifai.

Kadi kama Radeon RX 6600 inakula wati 132, hivyo kwenye doki pawasaplai ya wati 450 inatosha, ila iwe ya maana. Zile za bei ya kutupa huzima gemu likikolea tu. Washa doki kwanza, ndipo kompyuta, na usichomoe OCuLink mashine ikiwa imewaka. Skrini ichomeke kwenye kadi yenyewe. Kadi ikipoteapotea, weka waya mfupi zaidi, sentimita 50 hivi, au shusha PCIe hadi Gen 3, kasi ya chini zaidi, kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka).

Umeme wetu unaujua: UPS (betri ya akiba) moja ibebe doki na kompyuta pamoja, kwani doki ikizimika peke yake mashine inaganda. Tena doki nyingi ziko wazi, kwa hiyo usiku funga dirisha. Wadudu wa ziwani hufuata taa na kujaa kwenye feni.