Jibu: Je, nyuklia ndiyo iliyoleta amani baada ya 1945?
Salaam mkuu. Umeuliza kama silaha za nyuklia ndizo zilizoleta amani baada ya 1945. Nafundisha historia kidato cha sita, na wanafunzi wangu hukwama hapohapo. Kwanza jiulize: amani ya nani? Marekani na Wasovieti hawakutangaziana vita, ila Korea, Vietnam na Angola ziliungua. Na uhuru? Vifaru vya Wasovieti vilipoingia Budapest, mji mkuu wa Hungaria, kuzima uasi mwaka 1956, Marekani ililaani tu, jeshi haikutuma.

Kisha tazama tarehe 27 Oktoba 1962, karibu na Cuba. Nyambizi ya Wasovieti B-59, ndani joto la tanuri, Wamarekani wanairushia vilipuzi ili ipande juu. Nahodha anataka torpido ya nyuklia iandaliwe; Vasili Arkhipov, ofisa mwenzake humo ndani, anamkatalia. Kuepuka vita namna hiyo wengine huita mkakati. Mimi naona bahati tupu.