Pikipiki Imegoma Kuwaka Baada ya Kufungwa Pistoni Kubwa: Yaliyonikuta Uyole

Juzi usiku kijana mmoja wa Mafinga aliniandikia: "Kamwene kaka. Nimefunga pistoni kubwa na kabureta ya cc 200 ili nipande vilima na mbao. Leo siku ya tatu, napiga kiki mpaka mguu umevimba, haiwaki. Fundi anasema ninunue koili. Ninunue?"

Usinunue, mdogo wangu. Nilimjibu hivyo kwa kifupi, kisha usingizi ukanikataa, maana alikuwa amegusa kidonda changu.

Mimi ni bodaboda wa Uyole, Mbeya. Pikipiki yangu ni ya cc 125, niliipata kwa mkataba na nikaumaliza kwa jasho langu mwenyewe. Tatizo lilikuwa milima. Ukipakia magunia mawili ya viazi ukapandisha Kawetere, unafika juu kwa gia ya kwanza huku injini inalia kama inachunwa ngozi. Nikatamani nguvu, kama unavyotamani wewe. Silinda ikachongwa, ikaingia pistoni kubwa, juu yake kabureta pana. Siku mbili gereji, nikatoka nayo jioni ikiwa ya moto, inavuta kama farasi. Nililala nikicheka.

Asubuhi yake, mwezi wa sita, baridi ya Uyole unaijua, nikavuta choki (ile inayobana hewa ili petroli izidi) kama nilivyozoea, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena na tena mpaka nikavua koti. Jirani akanisaidia kusukuma, nikaachia klachi kwenye gia ya pili, ikawaka. Nikaona nimepata dawa. Kwa wiki mbili nilikuwa naiegesha kwenye mteremko nyuma ya nyumba, nikiombea asiwepo mtu wa kuziba njia.

Nilikuwa na abiria wangu wa kila siku, muuguzi, namchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mara ya kwanza nikamchelewesha, akanivumilia. Mara ya pili hakunipigia tena, na sikumlaumu. Lililonichoma ni fundi aliyenifungia. Nilipomrudishia pikipiki aliniambia koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, imekufa. Nikanunua koili. Kisha CDI, kiboksi kinachoongoza cheche. Kisha plagi mbili. Shilingi 130,000 zikateketea na pikipiki ikabaki vilevile. Na kijiweni akawa anasema nimeua pikipiki kwa tamaa. Maneno yale bado ninayo kifuani.

Ndipo nikaamua kuifungua mwenyewe, usiku, kwa tochi ya simu.

Plagi ilitoka nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Niliifuta, nikaichomeka kwenye waya wake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake (mbali kweli, maana tundu linatema petroli na cheche haichezewi), nikapiga kiki. Moto wa bluu, safi. Kwa hiyo umeme haukuwa ugonjwa! Hapo nilikaa chini nikajiuliza: kabla ya kwenda gereji iliwaka kila siku. Kule gereji umeme haukuguswa. Kilichoguswa ni pistoni, silinda na kabureta. Kwa nini natafuta ugonjwa mahali ambapo mkono wa fundi haukufika?

Kesho yake nikaazima kabureta ya kawaida kwa mwenzangu mwenye pikipiki kama yangu. Kiki ya nne ikawaka. Hiki ndicho kipimo bora ninachokijua, na hakina gharama: rudisha kitu kimoja cha zamani, kimoja tu, uone pikipiki inasema nini. Ukirudisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa.

Maana yake ni hii. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita. Kabureta yenye jeti (vitundu vinavyopima petroli) za hewa nzito ikiletwa huku inamwaga petroli kuliko hewa iliyopo. Tena mdomo wake ukiwa mpana, kwa kasi ndogo ya kiki hewa inapita kilegevu, petroli inaingia kama matone badala ya mvuke. Juu ya hayo mimi nilikuwa navuta choki. Nilikuwa naizamisha kwa mkono wangu. Ikishazama, funga choki, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki kadhaa ili ipumue. Mafinga nako ni juu na kuna baridi, kwa hiyo hili linakuhusu.

Lakini haikuishia hapo. Iliwaka, ila ilikohoa kwenye kabureta, na Mlima Nyoka ikanishinda. Nilikuwa nimeziba tundu la plagi kwa kidole nikasikia inasukuma, nikasema mgandamizo upo. Kidole kinakwambia upo, hakikwambii unatosha. Nikafungua kifuniko cha magineti, nikalinganisha alama ya T (pistoni ikiwa juu kabisa), nikatazama alama ya gia ya cheni iliyo kichwani mwa injini: cheni ya taimingi, ile inayoendesha valvu, ilikuwa imeruka jino moja. Silinda ilipotolewa cheni ililegea, na aliyeirudisha hakuangalia alama. Jino moja tu! Nikairudisha kwenye alama zake. Kama injini yako haina cheni, ni ile ya fimbo za kusukuma valvu, hilo halikuhusu, wewe kapime tapeti, yaani mwanya wa valvu. Zipime injini ikiwa baridi kabisa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Tapeti iliyobana haiachi valvu ifunge.

Nikarudisha kabureta pana, nikabadilisha jeti inayolisha injini wakati wa kuwasha, nikaweka ndogo zaidi. Tangu hapo inawaka kwa kiki ya kwanza, hata Julai. Kiki yenyewe ina namna yake ukishafunga pistoni kubwa: isukume polepole mpaka ikaze, ivushe kidogo, iache irudi juu, ndipo uipige kwa mguu mzima bila kusita. Ukisita itakurudishia mguu.

Vijana, msikubali kununua kifaa kwa neno la mtu. Mwambie akuonyeshe cheche haipo, akuonyeshe kwa macho yako. Fundi anayekasirika ukimwomba uone, ondoa pikipiki yako hapo. Hela ni yako, na alfajiri ukiamka kusukuma yeye amelala.

Kwako wa Mafinga: leo jioni piga kiki kadhaa, toa plagi kabla hujagusa kingine, ipige picha kama ilivyotoka, iwe imelowa au imekauka, unitumie. Na kama kabureta ya zamani umeiacha kwa fundi, kaichukue leo.