Prado Inatetemeka Ikifika 90: Usinunue Kitu Bado

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nina Prado ya 2012, rimu zake za kiwandani. Mwezi uliopita niliivisha tairi nne mpya za matope, 265/65R17, maana nyumbani Kajiado mvua ikinyesha njia hupotea. Mjini gari limetulia kabisa. Nikiingia Southern Bypass na kufika kilomita 90 kwa saa, usukani unatetemeka mikononi. Nikikaribia 110 unapungua. Nimefanya alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) mara mbili. Aliyeniuzia tairi anasema zitazoea. Fundi mwingine anataka nibadilishe bushi (mipira ya viungo) zote za mbele. Nishike la nani? – Mama wa Lang'ata

JIBU: Mama, shika pesa zako kwanza.

Alaimenti haitibu mtetemo wa namna hii. Ikiharibika, gari huvuta upande mmoja au tairi hulika ukingoni. Mtetemo unaozuka mwendo fulani na kutulia ukiupita hutoka kwenye kitu kinachozunguka. Bushi iliyochoka huukuza, lakini haiuanzishi, na bushi zako ni zile zile za kabla ya tairi hizi.

Gurudumu la kipimo chako likienda 100 huzunguka mara 11 hivi kila sekunde. Gramu 50 tu zikizidi upande mmoja wa rimu, huvuta kwa nguvu ya kama kilo 5 na nusu. Kwa mwendo wa 50, nguvu hiyo ni robo yake. Ndiyo maana kwenye foleni ya Ngong Road husikii kitu.

Na hazitazoea. Tairi iliyobonyea kwa kukaa ghalani hujirudisha ikipata moto barabarani. Zako zina mwezi.

Anza na jaribio lisilo na gharama. Magurudumu ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele, kila moja libaki upande wake, kwa kuwa baadhi ya tairi za matope zina mshale wa mzunguko. Chimbua tope lililokauka ndani ya rimu, usugue kutu kwenye uso wa habu, pale rimu inapofungwa, kwa brashi ya waya. Nati zikazwe kwa mtindo wa nyota gurudumu likiwa hewani, zimaliziwe kwa spana ya mkono. Kisha rudi Bypass Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Usukani ukitulia na kiti kikaanza kutikisika, mkosaji ni mmoja wa wale wawili waliokwenda nyuma. Usukani usipobadilika hata kidogo, niandikie tena. Hapo tutapima habu, beringi na tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu).

Ukishawajua hao wawili, wapeleke kubalansi, yaani kusawazishwa uzito kwa mashine, na tafadhali usiondoke kando yake. Hapa ndipo wateja wengi wanaonijia walipoumizwa, na huniuma kuona mtu amelipia kazi hiyo mara tatu. Mashine ikisoma sifuri, mwombe kijana alifungue gurudumu, aligeuze nusu duara kwenye shafti, alifunge na apime upya. Sifuri ikigeuka gramu 30, gurudumu halikukaa katikati ya koni, na risasi zote (vile vizito vya rimu) alizobandika zimesawazisha kosa lake, si tairi yako.

Alizungushe pia polepole, bisibisi ikiwa imeegemezwa karibu na meno ya tairi. Pengo likicheza zaidi ya milimita 1 na nusu, tazama ule mstari mwembamba wa mpira unaozunguka kando ya rimu. Kama mahali pengine umezama, tairi haijakaa: hewa itolewe, ukingo upakwe sabuni, ijazwe tena. Mstari ukiwa sawa na pengo bado linacheza, tairi igeuzwe nusu duara juu ya rimu. Mara nyingi kilima cha tairi hukutana na bonde la rimu, mchezo ukaisha.

Ikikataa hata hapo, tairi yenyewe ina kasoro ya kiwandani. Irudishe ulikoinunua na udai nyingine, risiti mkononi, kabla meno hayajalika.